Shati Lililobisha Hodi

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mzee Vifungo alifuta meza namba nne kwa kitambaa chenye maji, akaweka futi upande wa kushoto, daftari upande wa kulia, na kikombe cha chai mbali na vyote viwili, maana aliwahi kumwagia chai koti la watu na barua ya kujieleza ilimla kurasa tatu. Vifungo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa forodha, sehemu ya nguo, kwa sababu kila nguo iliyopanda mezani pake aliianzia kwenye vifungo. Hakutazama rangi wala urembo. Upande wa kushoto ukilalia wa kulia, nguo ni ya kiume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya kike. Ikikosa dalili yoyote, iandikwe ya kike. Wageni kazini waliuliza kwa nini, naye aliwajibu kwamba kitabu kimesema, na kitabu hakiulizwi kwa nini.

Ndiyo forodha hiyo. Nguo haiingii nchini mpaka iambiwe ni nini. Iliyofumwa kama sweta ina kifungu chake, iliyokatwa kwenye kitambaa ina chake. Ya mtoto mchanga ni ya mtoto mchanga endapo mwenyewe hazidi sentimita themanini na sita. Akizidi kwa unene wa kidole, basi keshatoka uchangani, ajitegemee. Mpya ina kiwango chake cha ushuru, mtumba una chake, na mtumba sharti uonyeshe kweli umevaliwa: kola imepauka, viwiko vimelainika, na uje umefungwa ndani ya belo.

Mitumba nayo ilikuwa na tabia zake. Belo likikatwa kamba, baadhi ya nguo zilikuwa bado zinafanya jambo la mwisho ambalo mwenyewe alilifanya akiwa amezivaa. Koti la mvua lilijipapasa mifuko likitafuta funguo. Aproni ilijifuta mikono. Sweta la shule liliinua mkono juu likingoja kuchaguliwa, likakaa hivyo siku nzima hadi Bi Rula wa meza namba tano akaliwekea jiwe la mizani. Suruali zenye haraka zilifungwa miguu kwa kamba zisije zikatoka getini bila kibali. Zamani kulikuwa na maswali, lakini makao makuu yalitoa waraka wa ukurasa mmoja: mwendo wa nguo si kigezo cha kuipanga. Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri.

Nyumbani, Mzee Vifungo alikuwa na mke mshonaji. Fundi, kama alivyoitwa na mtaa mzima, alifundishwa kushona na baba yake, mtu aliyeshona sare za madereva na askari jela mpaka macho yakamwishia. Kwa hiyo mkono wake ulilijua shati moja tu, la kiume. Kila alichoshona, kiwe cha nani, vifungo vilikaa kulia. Wateja wake wa kike walishazoea. Walisema ukivaa blauzi ya Fundi lazima ufikiri kwanza ndipo ufunge. Mumewe hakuchoka kumtania.

“Mke wangu, hii ikipita mezani kwangu naiandika ya mwanamume.”

“Iandike tu, bwana we. Mimi nilikunjwa nikiwa mbichi. Sasa nimekauka, ukinikunja utanivunja.”

Wakicheka walicheka mpaka cherehani inasimama. Mzaha mzaha hutumbua usaha, ila mtu akiwa katikati ya kicheko haikumbuki methali.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, wakimwita Mboni kwa sababu hawakuwa na jicho jingine. Fundi alimshonea shati la bluu, pana, la mikono mirefu, kama alivyolipenda mwenyewe, naye binti akalivaa siku aliyoondoka kwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Alipiga simu mara nne. Mara ya nne alisema, “Mama, hapa kuna baridi, lakini msijali,” halafu simu ikakatika, na huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu ikatike.

Wakala aliyempeleka alisema binti ametoroka kwa mwajiri wake na wazazi wawe na haya. Ofisi ya kazi za nje ilikuwa na adabu zaidi. Karani alitafuta, akatafuta tena, akasema hana kumbukumbu yoyote kwamba msichana huyo alifika.

“Mzee, sisi tunamtafuta mtu aliyefika akapotea. Huyu kwetu bado hajafika. Nileteeni kitu kimoja kilichotoka huko, chenye jina lake na muhuri wa serikali, hata leso. Faili nitalifungua mbele yenu, na kule watatumwa watu wakagonge mlango wa hiyo nyumba.”

Mzee Vifungo alimwelewa karani. Yeye mwenyewe angesema hivyohivyo. Alirudi nyumbani na mkewe, na kila mmoja akalia kivyake, yeye bafuni, mkewe juu ya cherehani.

Sasa Jumatatu hiyo, alipokata kamba za belo la tatu, alisikia kabla ya kuona. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Sauti ilikuwa ya mbao, na ndani ya belo hamkuwa na mbao. Aliondoa mashati juu ya mashati, akafika kwenye la bluu, akalivuta, akaliweka mezani nalo likasimama lenyewe. Halikuwa na mtu ndani, lakini mabega yalikuwa yamejaa. Mkono wa kulia ulipiga hewani mara tatu. Mkono wa kushoto ukashuka usawa wa kitasa, ukazungusha, ukavuta, kisichofunguka hakikufunguka. Bega la kulia likasukuma kidogo. Kisha shati lote likatulia, likangoja, likaanza upya.

Hazikuwa ngumi za mtu anayepiga kelele. Ilikuwa hodi ya mtoto aliyelelewa. Mara tatu, kisha unangoja. Ukipiga ya nne mfululizo ni ukorofi. Mzee Vifungo alilijua hilo vizuri kwa sababu ndiye aliyemfundisha, mlangoni pa chumba chao, Mboni akiwa na miaka mitano.

Aligeuza kola. Ndani palikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu, alama ambayo Fundi aliitia kwenye kila kazi yake. Aliketi. Moyo ulimuuma wazi, kama jino, akaona aibu kuumwa hivyo saa za kazi.

“Mzee,” Bi Rula aliita kutoka meza namba tano, “lipo linalogonga huko kwako. Liwekee jiwe.”

“Hili ni la mwanangu.”

Bi Rula akaweka chini rula aliyokuwa akipimia nguo za watoto. “Pole sana, Mzee wangu,” alisema, na machozi yalimlenga kweli. Kisha, maana alikuwa mtumishi mzuri, akauliza, “Sasa unaliandika kifungu gani?”

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kwenye kifungu cha mitumba nguo haina mwenyewe, ina uzito na mwagizaji basi. Lakini kipo kifungu kingine, cha vitu binafsi: hicho kina mstari wa jina la mwenyewe, na karatasi yake hupigwa muhuri. Karatasi hiyo ikifika kwa karani, faili linafunguliwa, na mtu anatumwa kugonga ule mlango kutoka upande wa pili. Mzee Vifungo alichukua kalamu akaandika kwa hati yake nzuri: Vitu binafsi. Shati moja. Akajaza jina la binti yake lote, la kwanza, la kati, na la mwisho ambalo lilikuwa lake yeye baba.

Karatasi ilirudi kutoka kwa Mkuu wa kituo kabla ya saa nne, bila muhuri. Mkuu alimwita ofisini, akasimama kumpokea, kwa sababu alianza kazi akiwa chini yake, kwenye meza hiyohiyo namba nne.

“Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha. Kilichotoka kwenye belo ni belo. Nikitia muhuri hapa, kesho kila mwenye belo ataniletea binti.” Akamrudishia karatasi. “Lakini haki ya pingamizi unayo. Alhamisi tunakaa watatu. Njoo na shahidi.”

Jioni alimweleza mkewe. Hakumwambia nusunusu, alimwambia lote, hodi, kitasa na bega. Fundi aliuliza kitu kimoja tu.

“Mikono amekunja, au amefunga vifungo vya mikononi?”

“Amefunga.”

“Basi alikuwa anasikia baridi,” alisema Fundi, akaenda kupika.

Alhamisi Fundi alifika kituoni na futi shingoni, alisahau kuivua. Kamati ilikaa kwenye chumba chenye feni mbovu: Mkuu, mwanasheria wa kituo, na Bi Rula kama mtu wa meza jirani. Shati lilikuwa limesimama juu ya meza. Likabisha mara tatu.

“Karibu,” akajibu Fundi, kwa mazoea tu, kama mtu yeyote anayejibu hodi.

Shati lilisita. Mkono wa kulia ukabaki juu, umeelekea ilikotoka sauti. Watu wote chumbani walingoja. Kisha likabisha tena, na Mkuu akalazimika kuongea kwa sauti kubwa kidogo ili kumbukumbu ziandikwe.

Walimruhusu Fundi alikague. Aliushika mkono unaogonga taratibu, kama unavyomshika mtoto asihangaike ukimvalisha, akageuza ubavu wa shati nje ndani.

“Mshono huu wa kwanza ni wangu,” alisema. “Huu wa pili ni wake. Nilimfundisha mimi, na siku zote anavuta uzi kupita kiasi, nimemwambia mpaka nimechoka. Hapa alipunguza kwa sababu alikonda. Huu wa tatu ni wake vilevile, amepunguza tena. Ila huu uzi si wa dukani, tazameni, umechomolewa kwenye blanketi. Alikonda mara mbili, na mara ya pili hakuwa na wa kumwomba uzi.”

Akafika begani. Kitambaa kilikuwa kimeliwa mpaka kimebaki wavu.

“Hapa hapakuchakaa kwa kuvaliwa. Hapa pamesagwa na ubao. Siku nyingi.” Akachomoa kibanzi chembamba chenye rangi nyeupe, akakiweka mezani. “Cha mlango huo anaougonga.”

Mwanasheria aliandika: kibanzi, kimoja. Alikuwa mtu mpole na aliuliza kwa upole.

“Kwa hiyo, mama, unasema shati hili ni la nani?”

“La binti yangu.”

“Ni la kike, basi.”

“La kike.”

Mwanasheria akamtazama Mkuu. Mkuu akatazama vifungo. Bi Rula, bila kutaka, naye akavitazama. Vilikuwa sita kifuani, vyote vizima, vyote upande wa kulia.

Mkuu alivuta droo akatoa mwongozo wa meza, kijitabu cha kurasa kumi na moja ambacho kila mgeni kazini alipewa siku ya kwanza. Kilikuwa kimeandikwa na Mzee Vifungo mwenyewe, na kwenye ukurasa wa pili palikuwa na sentensi ambayo kwa miaka mingi aliionea fahari. Mkuu aliisoma akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya mtu anayesoma wasia.

“‘Mwenye mzigo atakusimulia habari zake. Mwache amalize, kisha tazama vifungo. Vifungo havina huruma, ndiyo maana havidanganyi.’”

Mkuki kwa nguruwe. Mzee Vifungo alimkumbuka mama mmoja, miaka ya nyuma sana, aliyesimama mbele ya meza namba nne akilikumbatia sweta lililokuwa likikohoa, akasema ni la mwanawe. Alimwacha amalize. Hakukumbuka hata sura yake, alikumbuka sweta lilikuwa la kufumwa, la kiume, kilo robo.

“Vifungo niliviweka mimi,” Fundi alisema, sasa sauti imepanda. “Mkono wangu ulifundishwa hivyo. Kila ninachoshona kiko hivyo, hata gauni. Muulizeni huyu, kila siku ananitania.”

“Ni kweli,” Mzee Vifungo alisema.

“Tunakuamini, Mzee,” alisema mwanasheria. “Na tunakuheshimu. Ndiyo maana nitakuuliza wewe, si mwingine. Shati hili lingekuja mezani kwako na ungekuwa hulijui, ungeliandikaje?”

Shati likabisha mara tatu. Likangoja. Likabisha mara tatu.

Miaka thelathini na moja hakuwahi kudanganya mezani. Hakuipanga kauli ile wala kuipima. Ilitoka yenyewe, jinsi mtu anavyojibu jina lake likiitwa.

“La kiume.”

Fundi aligeuka akamtazama.

Uamuzi ulisomwa hapohapo. Shati moja la kiume, la kitambaa, limevaliwa. Na kwa kuwa vazi la kiume haliwezi kuwa kitu binafsi cha mwanamke aliyetajwa, na kwa kuwa mwanamke aliyetajwa hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kufika mahali pa kulitoa, lirudishwe ndani ya belo. Maelezo ya ushonaji yalipokewa kwa shukrani. Kibanzi, kwa kuwa ni mti, kilipelekwa idara ya mimea kikasubiri cheti. Sahihi ya mwisho ilitakiwa iwe ya meza husika, na meza husika ilikuwa namba nne. Alitia sahihi. Bi Rula ndiye aliyelikunja shati, akalikunja vizuri, mikono kwa ndani, lakini liliendelea kugonga.

Walitembea mpaka nje ya geti.

“Ungedanganya mara moja tu,” Fundi alisema. “Mara moja katika umri wako.”

“Sijui ulivyoniteleza ulimi.”

“Mimi najua.” Alivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni mpaka ikaisha. “Mkono wangu na ulimi wako, vyote vilikunjwa vikiwa vibichi. Tumemfungia mtoto mlango, mimi na wewe.”

Hakuwa amekasirika. Ingekuwa nafuu angekuwa amekasirika. Alimshika mumewe mkono wakavuka barabara.

Belo liliachiwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Fundi alikwenda soko la mitumba akasimama penye rundo la mashati ya kiume, hakuchambua, alisikiliza tu. Alipolitoa, muuza mitumba alifurahi.

“Hilo, mama? Lichukue bure, linanifukuzia wateja. Kila mtu anageuka anadhani anaitwa. Mzee nyumbani litamfaa, ni la kiume hilo.”

Walilitundika sebuleni. Likabisha mchana kutwa. Majirani walikuja mlangoni kuuliza nani anayegonga, wakaambiwa ni Mboni, wakasema pole, wakaingia wakalisalimu, wakaenda zao. Kila likibisha, mmoja wa wazazi alijibu karibu. Fundi sauti ikamkauka, mumewe akapokea. Ya mumewe ikakauka, Fundi akapokea. Kila wakijibu, mkono ulisita hewani muda mfupi, na muda ule mfupi walikuwa na mtoto. Halafu likaanza tena, kwa sababu kujibu ni kitu kimoja na kufungua ni kitu kingine.

Jumapili baada ya chai, Mzee Vifungo alichukua bisibisi akang'oa milango. Aling'oa wa chumbani, wa jikoni, na wa mbele unaoelekea mtaani, akaiegemeza ukutani nje. Alitaka nyumba ile isiwe na kitu chochote kilichofungwa. Shati lilibisha vilevile, na sauti ilikuwa ileile ya mbao.

Fundi alivuta kiti dirishani. Alilitandaza shati magotini, akakata vifungo kimoja kimoja, akiuacha mkono wa kulia upumzike begani kwake, ukamgonga hapo taratibu. Akaziba matundu ya kushoto kwa uzi. Akatoboa mapya upande wa kulia. Akashona vifungo upande wa kushoto, upande ambao hakuwahi kuvishona tangu azaliwe. Mkono ulimkatalia. Mara mbili ulivirudisha kulia wenyewe, mara mbili akafumua, akaukemea kwa jina la baba yake. Jua lilipofika ukuta wa pili alikata uzi kwa meno, akalifunga shati vifungo vyote sita, akalisimamisha mezani mbele ya mumewe.

“Tazama.”

Mzee Vifungo alitazama vifungo. Upande wa kulia ulilalia wa kushoto.

“La kike,” alisema.

“Haya. Nenda kaandike.”

Alitoa kalamu mfukoni, akaifungua kifuniko, akakaa nayo. Daftari lilikuwa kazini, na mstari wake ulishajazwa, kwa hati nzuri, na sahihi yake chini. Mbele yao palikuwa na uwazi mlango ulipokuwa, na mtaa ulionekana wote hadi mwisho. Shati likabisha mara tatu, kisha likatulia kungoja, kama alivyomfundisha.